Je, wajua kwa nini mguu wa punda hauna nyama chini ya goti?

Mtazame punda wa gari akipandisha matofali pale Wete. Juu ya goti mguu umejaa nyama. Chini yake ni ngozi, mfupa na kano tu. Farasi naye ni hivyo hivyo. Mguu mzito nchani huchosha kuurusha, ndiyo maana misuli imekaa juu karibu na mwili, nayo huvuta ukwato kwa kano ndefu. Kano hizo huvutika punda akikanyaga, hujirudi akiinua mguu, na hapo humrudishia sehemu ya nguvu aliyoitumia.

Mchoro hautoshi kumfundisha haya daktari wa mifugo wala mchonga kwato. Apate mguu wa mbele wa punda aliyekufa kwa ajali, asiguse kabisa mzoga wa aliyekufa ghafla bila sababu kujulikana, kwa hofu ya kimeta, ugonjwa unaoua mifugo ghafla na kuambukiza watu. Avae glavu, akate kwenye kiungo cha goti, kisha apasue ngozi ubavuni, kwani akipasua nyuma kisu kitakula kano. Nyuma ya mfupa atakuta tabaka tatu: kano ya juu, kano ya ndani, na ile iliyogandamana na mfupa, inayobeba kifundo, yaani kiungo kilicho juu ya ukwato, kisizame. Avute kano ya ndani peke yake: ncha ya ukwato itajikunja mbele ya macho yake. Hapo ndipo mtu anapoelewa kweli.

Kwa punda aliye hai, inua mguu kwanza. Akiwa ameukanyagia, kano zimekaza na huwezi kuzitenganisha. Ukiwa umeinuliwa, zibane kwa kidole gumba na cha shahada, shuka taratibu toka goti hadi kifundo, kisha linganisha na mguu wa pili. Ukikuta joto, uvimbe au punda akishtuka pahala pamoja, kano imeumia. Afunguliwe gari siku hiyo hiyo. Kano ina damu kidogo, hupona kwa miezi, na kovu lake halinyumbuki kama mwanzo. Akirudishwa kazini mapema huweza kuumia tena.

Mara nyingi chanzo ni ukwato wenyewe. Ncha ikiachwa ndefu na kisigino kikashuka, kano ya ndani huvutwa kupita kiasi kila hatua. Uchongwe kila wiki 6 hadi 10, na wakati wa masika punda alale pakavu, maana ukwato wake hunywa maji kuliko wa farasi, ukalainika na kuoza chini.