Hakuna kitu kinachoitwa antena ya dijitali

Runinga ya taifa ikitangaza tu tarehe ya kuzima analojia, yaani urushaji wa zamani, na kubaki na dijitali, mafundi huanza kuulizwa swali lilelile: "Mna antena ya dijitali?" Hakuna. Antena ni fito za chuma zinazonasa mawimbi ya redio, nazo hazijui kama yamebeba analojia au dijitali. Neno "HD" lililochapwa kwenye boksi la antena halinasi chochote.

Kinachoweza kubadilika ni masafa, yaani namba za mawimbi ambazo chaneli hurushwa. Chaneli nyingi za taifa zilirusha analojia kwenye masafa ya chini yaitwayo VHF, kati ya MHz 174 na 230, ilhali dijitali kwa kawaida hukaa masafa ya juu, UHF, MHz 470 hadi 694. Basi kabla hujatoa hela, panda na rula upime fito za antena yako. Za VHF huwa na sentimita 60 hadi 85, za UHF hukaribia 20 hadi 30. Ukikuta fupi, antena inafaa, iache hapo hapo. Ukikuta ndefu tupu, nunua ya UHF ya kawaida, na ulaze fito zake au uzisimamishe kufuata antena za mnara unaorusha zilivyowekwa.

Picha ikigandaganda, tuhuma za kwanza ziende kwenye waya. Analojia ilivumilia waya mbovu kwa kukuonyesha chenga. Dijitali hukaa safi mpaka mawimbi yashuke chini ya kiwango, kisha hukatika ghafla. Fungua kichwa cha waya: mara nyingi uzi mmoja wa wavu wa nje umegusa shaba ya katikati, au maji yameingia na shaba imekuwa kijani. Kata kipande hicho, funga kichwa kipya, tumia waya wa ohm 75. Halafu fungua menyu ya king'amuzi na uzungushe antena kidogo kidogo, ukisubiri sekunde chache kila hatua, kwa sababu king'amuzi huchelewa kushika. Angalia mstari wa ubora, siyo wa nguvu.

Na tafadhali, msikimbilie busta, kile kifaa cha kukuza mawimbi. Busta hukuza mawimbi pamoja na kelele zake. Karibu na mnara hukizidi nguvu king'amuzi na chaneli zote huweza kupotea. Ina kazi pale tu waya ni mrefu au mnara uko mbali, na hufungwa juu, karibu na antena. Kama inatumia volti 5 zinazotoka kwenye king'amuzi, washa umeme wa antena kwenye menyu, la sivyo imekufa.

Yako pia maneno ya mitaani yanayopotosha. "TV ya kichogo itupwe." Haina haja. King'amuzi na waya wa AV wa njano, nyekundu na nyeupe vinatosha, mradi TV ina matundu yake.

"TV yangu ni bapa, kwa hiyo ni ya dijitali." Ubapa ni umbo la kioo. Tafuta DVB-T2, mfumo wa kupokea dijitali ya mnarani, kwenye orodha ya sifa zake. Yenye DVB-T pekee, mfumo wa awali, haipokei matangazo ya T2, na king'amuzi cha dishi nacho hakipokei ya mnara.

"Dijitali ni ya kulipia." Kulipia ni uamuzi wa mrushaji kufunga chaneli. Chaneli ya bure huonekana bila kadi.

"Chaneli imefutwa." Huenda imehamishiwa masafa mengine. Tafuta chaneli upya kabla ya kulalamika.