Je, wajua kwa nini trekta kuukuu la petroli hula mafuta kuliko la dizeli lenye nguvu ileile?

Chukua Massey Ferguson 135, lililotengenezwa kuanzia 1964 hadi 1975. Liliuzwa na injini za aina zaidi ya moja. Ya dizeli ni Perkins ya silinda tatu, lita 2.5, ambayo mafundi wa Afrika Mashariki wanaifahamu hadi leo. Huko Marekani wengi walilinunua na injini ya petroli ya Continental, silinda nne. Nguvu zinakaribiana, farasi 37 na 35 hivi kwenye PTO (shafti ya nyuma inayoendesha mashine), lakini kwenye tangi hazikaribiani hata kidogo.

Wahandisi wa kilimo wa Marekani hukadiria wastani wa mwaka, kazi nzito na nyepesi zikichanganywa, kwa kuzidisha farasi za PTO kwa lita 0.23 kwa saa ikiwa ni petroli na 0.17 ikiwa ni dizeli. Kwa 135 hiyo ni takriban lita 8 dhidi ya 6.3.

Sehemu ya tofauti imo ndani ya mafuta yenyewe, kwani lita ya dizeli ina nishati zaidi ya lita ya petroli kwa asilimia 10 na ushee. Tena dizeli hubana hewa mara 16 au zaidi, ilhali petroli za enzi hizo zilibana mara 7 au 8 tu, na kadiri mbano unavyokuwa mkubwa ndivyo joto linavyogeuka kazi badala ya kutokea kwenye ekzosi.

Lakini pengo hasa huonekana kazi inapokuwa nyepesi. Petroli huwaka vizuri ikiwa na hewa karibu mara 15 ya uzito wake, kwa hiyo ukitaka nguvu kidogo lazima kabureta ipunguze na hewa pia. Kipepeo, kibao kinachozunguka ndani ya kabureta, hufunga koo la hewa, na pistoni zinahangaika kuvuta hewa isiyopita. Hangaiko hilo linalipiwa kwa mafuta. Dizeli huvuta hewa yote wakati wote, pampu ndiyo inayopunguza mafuta peke yake. Ndiyo maana trekta la petroli linalovuta tela tupu linaudhi kuliko likiwa kwenye plau.

Dawa ya kazi nyepesi ni moja kwa injini zote mbili: panda gia, shusha mkono wa mafuta, mwendo ubaki uleule. Ukiongeza mafuta na injini haiitikii, au dizeli ikatoa moshi mweusi, umepanda mno, rudi gia moja. Kazi ya PTO inayodai mizunguko 540 kwa dakika haimo katika ushauri huu.

Moshi mweusi usipokwisha hata gia ikiwa sahihi, kagua kwanza chujio la hewa. Katika matrekta haya ni bakuli la oili: oili ikijaa tope, hewa haitoshi. Chujio likiwa safi, peleka nozeli zinazonyunyiza dizeli zikapimwe. Kwenye petroli angalia choki iliyonata, boya la kabureta linalovuja, plagi na platini za cheche zilizoliwa.

Na themostati, kile kizibo kinachozuia maji ya kupoza hadi injini ipate joto! Injini ikichemka, wengi huing'oa na kuitupa. Injini hukaa baridi, mafuta yasiyoungua hupenya kwenye ringi za pistoni hadi kwenye oili, na matumizi hupanda. Safisha rejeta kwanza.

Tairi zinazoteleza nazo zinakunywa. Chora chaki kwenye tairi la nyuma, lima mizunguko 10 na uweke alama ardhini mwanzo na mwisho. Pita umbali huohuo plau ikiwa juu. Ukihesabu mizunguko 9, mtelezo ni asilimia 10, na shambani 8 hadi 15 inakubalika. Ikizidi hapo, jaza maji kwenye tairi za nyuma au punguza kina cha plau. Ikiwa chini ya 8, huenda umebeba uzito usiohitajika, nao pia unasukumwa kwa mafuta.