Ruzuku ya wakfu wa jamii: maana yake na jinsi inavyoushika mji

Wakfu ni neno tulilonalo tangu kale. Mtu hutoa nyumba, shamba au kisima, akasema kuanzia leo hiki si changu, hakiuzwi wala hakirithiwi, na mapato yake yaende kwa mayatima au yatunze msikiti. Mali yenyewe haiguswi, kinacholiwa ni matunda yake. Aliyelielewa hilo ameshafika mbali katika kuelewa wakfu wa jamii. Tofauti ni kwamba hapa mtoaji si mmoja. Ni wakazi wengi wa mji mmoja, wa leo na wa jana, waliochanga katika chungu kimoja, na kila mwaka watu wa mji huohuo hukaa wakaamua matunda yaende wapi.

Ruzuku ndiyo fedha inayotoka kwenye chungu hicho kwenda kufanya kazi. Si mkopo, kwa hiyo hairudishwi. Wala si sadaka ya mkononi, kwani kwa kawaida hupewa kikundi, shule, zahanati au chama kinachotambulika kisheria. Mtu binafsi hupata zaidi kwa njia ya ufadhili wa masomo. Anayepokea husaini makubaliano, hueleza fedha itafanya nini, na muda ukifika huleta taarifa pamoja na hesabu.

Wakfu wa namna hii ulianzia Cleveland, katika jimbo la Ohio nchini Marekani, mwaka 1914. Aliyeuasisi, Frederick Goff, alikuwa mwanasheria na mkuu wa benki iliyotunza mali za watu waliofariki, hivyo aliziona wosia nyingi zilizopitwa na wakati. Wanasheria walikuwa na jina la tatizo hilo: mkono wa maiti. Marehemu ameandika fedha yake itumike kwa jambo fulani, jambo lenyewe limekwisha, na hakuna aliye hai mwenye ruhusa ya kuigusa. Mfano unaotajwa mara nyingi ni wa Bryan Mullanphy, aliyewahi kuwa meya wa St. Louis na kufariki mwaka 1851. Aliacha theluthi ya mali yake iwasaidie wahamiaji maskini waliopita mjini humo wakienda kuanza maisha magharibi. Lilikuwa jambo jema sana kwa wakati wake. Kisha misafara ile ikaisha, na fedha ikabaki imefungwa kwa watu wasiokuwepo tena.

Dawa ya Goff ilikuwa kipengele kimoja katika hati ya wakfu: kusudi la mtoaji likishapitwa na wakati au likawa halitekelezeki, kamati ya wakazi ina mamlaka ya kuielekeza fedha kwenye hitaji linalolikaribia. Kwangu mimi hapo ndipo uzito wa dhana nzima ulipo. Miji mingi ina matajiri wakarimu. Miji michache ina fedha inayoweza kubadilika pamoja na mji wenyewe.

Tena wakfu ule wa kwanza haukuanza kwa kugawa fedha, maana chungu kilikuwa bado kitupu. Ulianza kwa kuupima mji. Mwaka 1915 ulianzisha uchunguzi mkubwa wa shule za Cleveland, na mwaka 1922 ukatoa ripoti juu ya polisi na mahakama zake. Kabla hujatoa, jua panapouma.

Hesabu yenyewe haina siri. Michango huwekezwa, na wakfu mwingi wa aina hii hutoa kama asilimia 4 au 5 tu ya thamani ya mtaji kila mwaka. Chukua milioni moja ya fedha yoyote. Kwa asilimia 4, ruzuku ya mwaka ni 40,000, kiasi kinachoonekana kidogo. Lakini baada ya miaka 25 mji utakuwa umepokea milioni nzima, na uwekezaji ukienda vizuri ile milioni ya kwanza ipo palepale. Wafadhili wanaokuja na mradi wa miaka 3 kisha wakaondoka hawawezi kuupa mji jambo hilo.

Mtoaji anaweza kuweka masharti: fungu langu liende elimu, au hospitali fulani. Sawa, lakini fungu lenye thamani kubwa kuliko yote ni lile lisilo na masharti, kwa sababu ndilo linaloweza kwenda kwenye mafuriko ya wiki iliyopita.

Sasa tutazame ruzuku moja kwa karibu. Tuseme maktaba ya mtaa paa lake linavuja. Kuna ndoo imewekwa katikati ya rafu za vitabu vya watoto, na vitabu vya chini vimefura kwa unyevu. Halmashauri inasema ngojeni bajeti ijayo. Mfadhili wa mbali anatafuta mradi wa kubadilisha wilaya nzima, na paa si mradi wa namna hiyo. Wakfu wa jamii hutuma wanakamati wawili, ambao pengine walisomea palepale. Wanapanda juu na fundi, wanasoma makadirio yake, kisha wanasema: sisi tutatoa nusu, nyinyi tafuteni nusu ya pili. Sharti hilo lina maana. Anayeombwa mchango hutoa kwa moyo zaidi akijua kila anachotoa kinaongezewa kingine kama hicho.

Katika kikao, mwanakamati ambaye chama chake kimeomba anapaswa kutoka nje hadi uamuzi upite. Kanuni hii ni lazima, wala isionewe haya, kwa sababu mjini watu wanajuana. Kamati ikijaa watu wa tabaka moja, ruzuku nazo hufuata njia za wanaojuana, na kitongoji kisicho na mtu wa kuandika ombi zuri hukosa mwaka hadi mwaka.

Kosa jingine ninaloliona linaumiza ni kupenda vitu vipya. Ruzuku hununua kompyuta, lakini umeme wa kuziwasha na mshahara wa mtu wa kuzifungulia mlango kila asubuhi huachwa bila fungu. Wakfu unaoishi mjini hauna udhuru hapo, kwa kuwa unaupita mlango huo kila siku na unauona umefungwa.

Kuhusu nani anaweza kutoa, Winnipeg nchini Kanada pana jibu zuri. Wakfu wa mji huo ulianza mwaka 1921 kwa dola 100,000 za mwenye benki William Alloway. Mwaka 1924 ikaja bahasha isiyo na jina la mtoaji, na ndani mlikuwa na sarafu 3 za dhahabu za dola 5 kila moja. Ziliingia katika chungu kilekile.