Je, wajua? Sindano ya kifaduro huchomwa mama, anayekingwa ni mtoto

Wifi yangu alipiga simu kutoka Uingereza usiku, sisi huku Moshi tumeshafunga milango. Ana mimba ya wiki 20. Mkunga wa kule amemshauri achomwe chanjo ya kifaduro, kile kikohozi kikali cha mfululizo, ila hakumlazimisha, amemwachia afikirie. "Wifi, mimi sikohoi," akaniambia, "na kifaduro ni ugonjwa wa watoto. Sindano nichomwe mimi ya nini?"

Mama mkwe alikuwa amekaa karibu na simu. Akadakia kabla sijafungua mdomo: "Kwani ile ya pepopunda tulichomwa kwa ajili ya nani?"

Mama alikuwa ameshamaliza kazi. Lakini wifi alitaka kujua inavyokuwa, na mimi nilipoanza kumweleza nilijikuta nimeanzia bandani kwa ng'ombe, maana huko ndiko jambo hili linakoonekana wazi zaidi.

Aliyefuga ng'ombe kihambani anajua kwamba ndama akidondoka, cha kwanza ni kuhakikisha amenyonya dang'a, yale maziwa ya mwanzo mazito ya njano, tena ndani ya saa chache. Akiikosa, anaweza kuharisha na kufa hata banda likiwa safi. Kondo la nyuma la ng'ombe lina matabaka mengi kati ya damu ya mama na damu ya ndama, na kingamwili, yaani askari wa damu wanaopambana na vijidudu, haziwezi kuyapenya. Ndama huzaliwa karibu mtupu, bila akiba ya mama yake. Akiba hiyo huipata kwa kunyonya, na baada ya siku moja hivi utumbo wake hufunga mlango, kingamwili haziingii tena kwenye damu.

Binadamu tumeumbwa vingine. Kondo letu la nyuma lina seli zenye vipokezi vinavyozikamata kingamwili za aina iitwayo IgG kutoka kwenye damu ya mama na kuzibeba hadi upande wa mtoto. Kazi hiyo huanza polepole katikati ya ujauzito, na kuanzia wiki ya 28 hivi hushika kasi. Mtoto aliyetimiza miezi yake anaweza kuzaliwa akiwa na kingamwili nyingi kuliko mama aliyempa. Mimi hapo husimama kila mara nikashangaa: mwili wa mama unampa mtoto zaidi ya ulichobaki nacho wenyewe.

Ila kondo hubeba kilichopo tu. Wifi alichanjwa akiwa mchanga, hapa hapa Moshi, lakini kinga ya kifaduro hufifia kadiri miaka inavyopita, hata kwa aliyewahi kuugua ugonjwa wenyewe. Mwanamke wa miaka 30 anaweza kuwa na kingamwili kidogo mno za kumgawia mtoto. Sindano huuamsha mwili wake ukumbuke adui wa zamani, na baada ya wiki mbili hivi kingamwili hufika kileleni. Kisha huanza kushuka. Kwa hiyo mwanamke aliyechanjwa kwenye mimba ya kwanza huambiwa achanjwe tena kwenye ya pili na ya tatu.

Akaniuliza kama maziwa yake hayatatosha. Anyonyeshe, tena sana, lakini utumbo wa mtoto wetu hauzipitishi kingamwili kwenye damu kama utumbo wa ndama. Kingamwili za maziwa ya mama hufanya kazi zaidi kooni na tumboni.

Sasa kifaduro chenyewe. Bakteria wake, *Bordetella pertussis*, hujibandika kwenye vinyweleo vya njia ya hewa na kutoa sumu. Wiki moja au mbili za mwanzo huonekana kama mafua ya kawaida. Halafu huja kikohozi cha mfululizo, mtu anakohoa mpaka pumzi inaisha, anavuta hewa kwa mlio mkali, mara nyingi anaishia kutapika. Wachina hukiita kikohozi cha siku mia, na hawajatia chumvi, maana kinaweza kuvuta hadi miezi mitatu. Mtu mzima huteseka lakini hupona. Mara nyingi hata hajui ni kifaduro, anasema ni kikohozi tu kimegoma kuisha.

Kwa kichanga mambo ni mengine kabisa. Mtoto wa wiki tatu anaweza asitoe ule mlio, hata asikohoe sana. Anaacha kupumua. Midomo na ulimi vinabadilika rangi, mwili unalegea. Dawa za kuua bakteria zipo, lakini zikianza kutolewa baada ya vipindi vya kukohoa kuanza, husaidia zaidi kuzuia maambukizi kwa wengine kuliko kumpunguzia mtoto mateso. Ndiyo maana wauguzi husisitiza kuzuia.

Na hapo ndipo penye pengo. Chanjo ya mtoto dhidi ya kifaduro imo ndani ya ile tunayoiita penta, na kwetu Tanzania hutolewa akiwa na wiki 6, 10 na 14. Kabla ya wiki ya sita hana kitu chake mwenyewe. Hata dozi ya kwanza peke yake humkinga nusunusu. Kwa wiki hizo zote anaishi kwa akiba aliyokuja nayo kutoka tumboni, kama ipo.

Uingereza walijifunza hili kwa uchungu. Mwaka 2012 kifaduro kililipuka na watoto wachanga 14 wakafariki. Oktoba mwaka huo wakaanza kuwachanja wajawazito, kwanza kati ya wiki ya 28 na ya 38. Mwaka 2016 wakarudisha nyuma, ikawa kuanzia wiki ya 16, ili hata mtoto atakayewahi kuzaliwa akute kingamwili zimeshavuka. Walipopima matokeo, watoto ambao mama zao walichanjwa kwa wakati walikuwa na hatari ya kuugua iliyopungua kwa takriban asilimia 90. Ugonjwa ulirudi tena kwa nguvu mwaka 2024 na vichanga 11 wakafa Uingereza. Marekani nao huchanja kila mimba, kati ya wiki ya 27 na ya 36.

Wifi aliogopa madhara, na alikuwa na haki ya kuuliza. Chanjo hiyo haina bakteria hai, kwa hiyo haiwezi kumpa kifaduro yeye wala mtoto. Mkono huuma na kuvimba kidogo, wengine huchoka au kupata homa ndogo ya siku moja mbili. Wanawake wengi sana wameshachanjwa na haijaonekana kuongeza watoto njiti wala watoto kufia tumboni. Kuna jambo moja ambalo wataalamu hulisema waziwazi, nami nikamwambia: kingamwili za mama zikiwa nyingi, mwili wa mtoto huitikia chanjo zake za mwanzo kwa unyonge kidogo. Lakini anakingwa katika wiki ambazo kifaduro huua, na chanjo zake zinakuja kuendeleza. Kwa mawazo yangu, mizani imeshalala upande mmoja. Nikamwambia achomwe.

Kilichonikalia kichwani baada ya simu ni mdogo wangu, ambaye ana mimba na anahudhuria kliniki hapa hapa mjini. Kadi yake ina sindano ya pepopunda, ambayo siku hizi imechanganywa na ya dondakoo. Kifaduro hakimo. Nchi yetu imeijenga kazi hiyo ya pepopunda kwa miaka mingi, kwa njia ile ile ya mama kumgawia mtoto kingamwili, hadi mwaka 2012 ikathibitishwa kwamba pepopunda ya wazazi na vichanga si tatizo la afya ya jamii tena. Mama mkwe alizijua enzi ambazo kitovu kilichokatwa kwa wembe mchafu kiliondoka na mtoto, ndiyo maana alijibu haraka vile. Mdogo wangu akiitaka ya kifaduro, amuulize daktari wake kama inapatikana na kama inamfaa. Asiipate, bado hatujafungwa mikono.

Uchaggani mzazi hukaa ndani karibu miezi mitatu, analetewa mtori na maziwa, hatoki kwenda sokoni. Wazee hawakuwa na darubini, lakini miezi mitatu ni karibu kabisa na muda ule ambao kifaduro ni hatari zaidi. Tatizo ni kwamba mzazi hatoki, ila wageni wanaingia. Na Desemba wanaingia wote: shangazi kutoka Dar, binamu kutoka Mwanza, kila mmoja anataka kumpakata mtoto na kumbusu usoni. Vichanga wengi huambukizwa na watu wa nyumbani, mara nyingi mama, ndugu au mgeni mwenye kikohozi anachokidharau.

Mdogo wangu anatarajia kujifungua katikati ya Novemba. Nimehesabu kwa vidole: wiki sita zinaangukia kati ya Krismasi na mwaka mpya, nyumba imejaa, ndafu iko motoni. Nimeshamwambia mume wake kwamba siku hiyo asubuhi gari ni la kliniki, na kwamba mwenye kikohozi, hata awe shangazi mkubwa, atamwona mtoto kutoka mlangoni. Mama mkwe amesema hilo la mlangoni atalisema yeye mwenyewe, wamsikie.