Dhana za Mahali ni Nini, na Mtoto Hufundishwaje Katika Tiba ya Usemi?

Dhana za mahali ni maana zinazomwezesha mtu kueleza kitu kiko wapi kwa kukihusisha na kitu kingine: juu, chini, ndani, nje, mbele, nyuma, kando, katikati, karibu, mbali. Maneno haya yanapofuatwa na "ya" au "na", wanasarufi huyaita vihusishi. Katika tiba ya usemi na lugha hutazamwa kwanza kama maana, kisha kama maneno, kwa sababu mtoto anaweza kutamka "chini" vizuri kabisa bila kujua anatumwa upande gani wa kitanda, na mwingine asiyetamka neno hata moja akaingia chini ya kitanda hicho na kutoka na kiatu alichoagizwa. Wa kwanza ana shida ya uelewa, wa pili ana shida ya usemaji, na hawawezi kufundishwa kwa namna moja.

Mwenye kumfundisha mtoto wa Kiswahili hana budi kuanza na jambo moja ambalo orodha za maneno zilizotungwa kwa lugha nyingine haziwezi kumwonyesha. Kiswahili kina njia ya kutaja mahali bila kusema ni juu, ndani au kando. Ukisimama asubuhi ufukweni Igombe, kando ya Ziwa Victoria huko Mwanza, mtumbwi unaoelea uko majini, na sato aliye chini yake naye yuko majini. Silabi "ni" imetosha kwa wote wawili, ingawa mmoja uko juu ya maji na mwingine yumo ndani yake. Neno "kwenye", ambalo ndilo tunalolitumia zaidi katika mazungumzo, hufanya vivyo hivyo: sukari kwenye kikombe, nzi kwenye kikombe, ufa kwenye kikombe. Msikilizaji mzima huzijaza tofauti hizo kwa kuwa anavifahamu vikombe, nzi na nyufa.

Kwa hiyo mtoto akiulizwa "Kijiko kiko wapi?" akajibu "Kwenye sufuria", amejibu sawasawa, lakini jibu lake halijatuambia kama anatofautisha ndani na juu. Hapa ndipo makosa mengi ya upimaji hutokea, na hutokea kwa pande zote mbili: mtoto anayehitaji msaada huonekana hana shida, na mtoto asiye na shida huandikiwa kosa kwa sababu tu alisema "mezani" pale mpimaji alipotarajia "juu ya meza". Mimi naona jibu la "mezani" lihesabiwe kuwa sahihi kila mara, kisha lifuatwe na swali la pili au agizo linalolazimisha tofauti: "Sasa kiweke chini ya meza."

Kiswahili sanifu kina pia viambishi vitatu vinavyosaidia: "po" kwa mahali mahususi, "ko" kwa mahali pasipo mipaka ya wazi, na "mo" kwa ndani. Kitabu kipo mezani, baba yuko sokoni, maziwa yamo chupani. Hata hivyo, katika maongezi ya kila siku mjini Mwanza "mo" husikika kwa nadra, na mtoto ambaye hajaisikia nyumbani asihesabiwe kuwa ameshindwa kuijifunza. La kuangaliwa zaidi ni "ni" yenyewe, kwa kuwa huangukia mwisho wa neno, mahali pasipo mkazo: tunasema me-ZA-ni, so-KO-ni. Mtoto mwenye usikivu hafifu anaweza kuikosa silabi hiyo, ndiyo maana kipimo cha masikio hutangulia mafunzo yoyote.

Kuna kisa kingine cha mtoto kuonekana anajua kumbe hajui. Mwaka 1973 Eve Clark, mtafiti wa lugha ya watoto, alionyesha kwamba watoto wadogo wanaoagizwa kuweka kitu mahali fulani hufuata umbo la kitu kabla ya kufuata neno: kikiwa chombo chenye uwazi, hutia ndani, kikiwa na uso bapa, huweka juu. Mpe mtoto wa miaka miwili dagaa mmoja na sado tupu, yaani ile ndoo ndogo ya kupimia, umwambie "Weka ndani", naye atatia ndani. Mwambie "Weka kando", na pengine bado atatia ndani. Mkono wake umeongozwa na sado. Njia ya kumpima kwa haki ni kuibadilisha hali ya chombo: sado ikiwa imesimama, ikiwa imepinduliwa, ikiwa imefunikwa. Sado iliyopinduliwa inaweza kuwekewa dagaa juu yake, chini yake au kando yake, na hapo ndipo neno linapoanza kufanya kazi.

Mikono na macho ya mwalimu nayo hutoa majibu. Sisi wazazi husema "Lete kile pale" huku tukinyoosha kidole au kuchongoa midomo, na mtoto mwerevu hufuata kidole. Hilo si baya nyumbani, kwani ishara ni ngazi ya kwanza ya kufundishia. Wakati wa kupima, lakini, mikono itulie mapajani na macho yamtazame mtoto, yasiitazame meza.

Neno "chini" linastahili uangalifu wa pekee. Tangu anapoanza kutambaa, mtoto husikia "kaa chini", "weka chini", "kimeanguka chini", na katika yote hayo chini ni sakafu au ardhi. Akiambiwa baadaye "Weka ndoo chini ya meza", akaitua sakafuni hatua moja kutoka kwenye meza, hajapuuza agizo. Ameisikia "chini" anayoijua. Afundishwe "chini ya" kama maana mpya, na kwa mwili wake mwenyewe: aingie chini ya meza, akae humo, mama aulize "Yuko wapi?", naye ajibu kutoka humo humo. Baada ya mwili ndipo vije vitu vya mkononi, na picha zije mwisho kabisa, kwa kuwa karatasi ni bapa na kilicho nyuma ya mti katika picha huonekana tu kama kitu kilichokatwa nusu.

"Mbele" na "nyuma" ni ngumu zaidi. Utafiti wa Judith Johnston na Dan Slobin, uliotolewa mwaka 1979 kutokana na watoto wa lugha nne, Kiingereza, Kiitalia, Kiserbokroatia na Kituruki, ulikuta mfuatano unaofanana: ndani, juu, chini na kando hutangulia, hufuata katikati, pamoja na mbele na nyuma ya vitu vyenye upande wake wa mbele, na mbele na nyuma ya vitu visivyo na upande huo huchelewa zaidi. Kiswahili hakikuwemo, lakini sababu yake inaeleweka hata kwetu. Daladala ina mbele yake popote uliposimama, na ng'ombe vilevile. Jiwe halina. Tunapomwelekeza mgeni kwamba nyumba iko "mbele ya lile jiwe", wapo wanaomaanisha upande huu tulipo, na wapo wanaomaanisha ukishalipita. Ikiwa watu wazima huulizana tena, mtoto wa miaka minne asipimwe kwa jiwe wala mpira. Apimwe kwa kiti, kwa gari la kuchezea, kwa mtu.

Sehemu kubwa ya maana ya mahali hukaa katika vitenzi vyetu, na hii ni hazina ambayo sioni ikitumiwa vya kutosha. Kutia ni kuweka ndani, kupanda ni kwenda juu, kushuka ni kwenda chini, na jozi kama funika na funua, ziba na zibua, chomeka na chomoa zimebeba maana ya mahali na ya mabadiliko yake. Mtoto anayemwona mama akipakua ugali amekwisha kujua kitu kutoka ndani ya chombo kabla ya kuambiwa neno "ndani". Mafunzo yaanzie hapo: "Mama anatia unga. Unga umeingia wapi? Ndani ya sufuria." Dakika kumi jikoni kila siku, kwa sufuria, mwiko na mfuniko halisi, hurudia neno mara nyingi kuliko saa moja ya kliniki kwa juma.

Katika nyumba ambamo bibi husema Kisukuma, mtoto hukutana pia na utaratibu mwingine, kwani Kisukuma huweka viambishi vyake vya mahali mwanzoni mwa jina, pale ambapo Kiswahili huweka "ni" mwishoni. Kuchanganya lugha mbili si dalili ya ugonjwa. Mpimaji amuulize bibi kama mjukuu hutii maagizo ya mahali kwa Kisukuma. Akiwa anatii, dhana anayo, na kinachobaki ni neno la Kiswahili.

Kulia na kushoto viachwe kwa muda. Watoto wengi huvishika vizuri kwa mwili wao wenyewe karibu na miaka 6 au 7, na kwa mtu anayewakabili baadaye zaidi, kwa hiyo mtoto wa miaka minne anayevichanganya hajachelewa. Wakati ukifika, lugha imemrahisishia nusu ya kazi: mkono wa kulia ni ule anaoutumia kulia ugali, na anaweza kuutafuta kwa kujifanya anamega tonge.