Sungura wa sebuleni: tuanzie kwenye sakafu

Mvulana mmoja alileta sungura wake mweupe kliniki kwetu hapa Kampala, ndani ya boksi la sabuni. Alisema siku hizi mnyama ni mvivu, hataki kuruka. Nilipouinua mguu wa nyuma nikakuta manyoya ya unyayo yamekwisha na kisigino kina kidonda chekundu, upana wa sarafu. Chakula kilikuwa kizuri na maji safi. Kilichomuumiza ni wavu wa waya aliokuwa akiukalia usiku na mchana.

Matundu yale yanayouzwa kando ya barabara yanawafaa wafugaji wa nyama. Wao wanataka kinyesi kidondoke chini na mkojo ukingwe, maana siku hizi hata mkojo wenyewe una wateja, wakulima wananyunyizia mboga. Sungura wa nyama huchinjwa akiwa na miezi michache tu. Wako unaweza kukaa naye miaka 8, hata zaidi, na nyayo zake hazina ngozi nene ya kukanyagia kama ya paka au mbwa. Zina manyoya tu.

Basi umtoe kwenye waya, lakini usimwachie saruji tupu, hasa ile nyekundu iliyong'arishwa ambayo tunaipenda sana majumbani. Anateleza, miguu inatanuka, na uti wake wa mgongo huvunjika kwa urahisi kuliko watu wanavyodhani. Tandika blanketi kuukuu, juu yake mkeka wa majani usiotiwa rangi. Atautafuna, ndiyo. Kipande cha mkeka hakimdhuru, ila nyuzi za zulia la plastiki zinaweza kumziba utumbo.

Kwa sungura wawili (na wawili ni bora, mmoja hunyong'onyea kwa upweke) wataalamu hupendekeza eneo la mita 3 kwa 2, lenye urefu wa mita 1 ili waweze kusimama wima. Najua chumba cha kupanga hakina nafasi hiyo. Zungushia kona moja uzio mwepesi, kisha wafungulie watembee asubuhi na jioni ukiwepo, nyaya za umeme zikiwa zimeinuliwa juu. Ndani ya kona weka boksi la katoni lenye milango miwili. Mnyama anayewindwa hapumziki mahali penye njia moja ya kutokea.

Joto ndilo linaloua haraka. Sungura hapozwi na jasho kama sisi. Hutegemea zaidi masikio yake kutoa joto, na likizidi nyuzi 28 hivi anaanza kuelemewa. Chumba cha mabati kisicho na dari, saa nane mchana mwezi wa Februari, kule kaskazini mwa Uganda, Gulu au Arua, hupita hapo bila shida. Kabale, kwenye baridi ya milima ya kusini-magharibi, ni kinyume chake, huko jihadhari na unyevu na upepo wa mlangoni. Mchana wa jua kali, funga chupa ya maji yaliyogandishwa kwa kitambaa, umwekee ajiegemeze. Umeme ukikatika, kigae kilicholowa maji kinasaidia. Ukimwona anahema mdomo wazi, mlowanishe masikio kwa maji ya kawaida, yasiwe ya barafu, umpeleke kwa daktari. Na sigiri ya mkaa isiwashwe chumba anacholala.

Choo ni rahisi kuliko watu wanavyofikiri. Sungura huchagua kona yake mwenyewe, nawe unaifuata: weka beseni hapo, tandika magazeti, juu yake nyasi kavu. Rundo la nyasi za kula liwe karibu kabisa na beseni, kwa sababu hupenda kutafuna akiwa chooni. Vumbi la mbao liache, linaingia puani. Kila asubuhi inama hadi pua yako ifike usawa wa pua yake. Ukisikia harufu kali ya mkojo inayochoma macho, umechelewa kusafisha.

Nyasi hizo kavu ndizo chakula chake kikuu, kwani meno yake hukua maisha yote na husagwa kwa kutafuna. Nyasi za Rhodes wanazolishwa ng'ombe wa maziwa zinafaa, mradi hazina ukungu. Majani ya viazi vitamu mpe kidogo. Ya mparachichi usimpe kamwe, ni sumu kwake.

Baada ya mvua kubwa kagua ukuta kabla ya kulala. Siafu wakiingia, sungura aliyefungiwa hana pa kukimbilia.

Tunapigiwa simu nyingi kuhusu mkojo mwekundu. Mara nyingi ni rangi ya majani aliyokula, na hubadilika baada ya siku moja au mbili. Damu mara nyingi huonekana kama matone au mabonge ndani ya mkojo. Ukiyaona hayo, au akikaa kwa muda wa saa 12 bila kula wala kutoa kinyesi, usingoje kesho.