Rambirambi ikigeuzwa karo

Familia huja ofisini kwangu na daftari. Ni lile lile la matanga: jina, kiasi, sahihi. Maziko yamepita, jeneza na mahema yamelipiwa, na hela iliyobaki hawataki iishie kwenye kuchinja ng'ombe mwingine. "Jina la mzee lisipotee," wananiambia. "Tusomeshe watoto wasiojiweza." Hapa Kampala kazi yangu ni kusimamia fedha za namna hiyo, na swali langu la kwanza huwaudhi: watoto wangapi?

Wengi hujibu kumi. Tuseme daftari lina shilingi milioni 20. Kila mmoja anapata milioni mbili, picha zinapigwa, marehemu anaombewa dua. Mfuko wa kwanza niliopewa kuushika tuligawa hivyo hivyo. Muhula wa pili ulipofika, vijana wakaanza kunipigia simu mmoja mmoja: hawaruhusiwi mtihani mpaka karo ikamilike. Hela ilikuwa imekwisha, na chuo hakitoi nusu shahada.

Sasa napiga hesabu mbele yao kwa kalamu. Chukua karo ya milioni 1.5 kwa muhula, mihula miwili kwa mwaka: milioni tatu. Ongeza milioni moja ya zile ada nyingine za lazima, kisha milioni mbili za hosteli, chakula na nauli. Ni milioni sita kwa mwaka, 18 kwa miaka mitatu. Daftari zima limemsomesha mtu mmoja.

Hapo mtu hudakia: basi tuwekeze, tule riba tu. Wazo zuri. Hatifungani za serikali, yaani mkopo unaoipa serikali kwa miaka kadhaa, zinazouzwa na Benki Kuu, hulipa riba kila miezi sita, jambo linaloendana vizuri na mihula. Lakini hata zikilipa asilimia 14, milioni 20 zitaleta milioni 2.8 kwa mwaka kabla ya kodi ya zuio, ile inayokatwa kwenye riba kabla hujalipwa. Haifiki nusu ya gharama za kijana wetu mmoja. Mfuko wa kudumu unataka mtaji mkubwa, au familia iliyo tayari kuchanga upya kila kumbukumbu inapofika, na mimi nimeona michango ya mwaka wa tatu inavyokuwa.

Njia ninayoipenda ni nyingine. Serikali hudhamini wanafunzi wapya wapatao 4,000 kila mwaka katika vyuo vikuu vya umma, na nafasi nyingi huenda kwa wenye alama za juu kabisa, ambao mara nyingi wametoka shule za ghali. Kando yake kuna mkopo wa elimu ya juu, ulioanzishwa kwa sheria ya 2014. Mkopo huo hulipa karo na ada za lazima, na huelekezwa zaidi kwa kozi za sayansi na teknolojia. Haulipi kitanda wala sahani. Basi kijana anapata mkopo, karo imelipwa, halafu anaacha masomo kwa sababu ya njaa. Hapo ndipo milioni mbili kwa mwaka zinapookoa mtu, na daftari lile lile la milioni 20 linawafikisha watatu mwisho.

Kumjua mwenye shida ndiko kugumu. Barua ya mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji au mtaa, kila mtu anayo. Yatima naye si lazima awe ndiye mhitaji zaidi: wapo wenye mjomba mwenye maduka, na wapo wenye wazazi wote wawili hai, shamba robo eka, na wadogo watano shuleni. Mimi huenda nyumbani. Siulizi kipato, kwa maana jibu huwa limeandaliwa. Nauliza waliuza nini ili huyu amalize Senior Six, mwaka wa mwisho wa sekondari, na nani alibaki nyumbani ili yeye asome. Waombaji wa Koboko na Arua, kule kaskazini-magharibi ambako Kiswahili huzungumzwa, nawauliza kwa Kiswahili. Kwa Kiingereza wananijibu kama wako kwenye mtihani.

Wiki iliyopita mjane mmoja aliitazama hesabu yangu kwa muda mrefu, akafunga daftari. "Basi watatu, mwanangu. Na wale washibe." Shemeji yake bado ameshikilia kumi. Tunakutana tena Ijumaa.